Itebero inahitaji orodha ya wasichana kabla ya boksi la chanjo

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi itakapofika Itebero, kuchoma sindano hakutakuwa kazi ngumu. Wauguzi wa vituo vya afya vya Walikale wamechanja watoto miaka yote, vita iwepo au isiwepo. Kazi itakuwa kumjua msichana ni nani, wiki hii analala kijiji gani, na nani amekabidhiwa jukumu la kumtafuta asipoonekana siku ya chanjo. Rwanda ilianza mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Sisi Kongo tumechelewa, na kuchelewa huko wanakulipia mama zetu na dada zetu. Lakini waliotangulia wametuachia mafunzo, na somo kubwa kuliko yote ni kwamba chanjo hii hufaulu au hukwama kwenye uratibu. Msimamo wangu ni kwamba katika mahali kama Itebero uratibu huo ukae mikononi mwa zoni ya afya yenyewe, uanze na orodha moja ya wasichana wa vijiji vyote, uwatangulize walio nje ya shule, na uchanje mapema, kwenye umri wa miaka 9 au 10, bila kungoja 14.

Kwa asiyepafahamu, Itebero ni zoni ya afya katika wilaya ya Walikale, mojawapo ya zoni 34 za Kivu Kaskazini. Barabara ya taifa inayotoka Bukavu na kupita Hombo kuelekea Walikale inakatiza humo. Mvua ikishika, malori hukwama kwenye matope na mizigo humaliziwa kwa pikipiki au kichwani. Nje ya barabara hiyo ni msitu, na ndani ya msitu kuna machimbo ya dhahabu na ya kasiterite yanayovuta familia nzima, zikiwa na mabinti zao, kisha kuzihamisha tena mgodi ukikauka au bunduki zikilia. Mwaka 2025 ulituonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka haraka: waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na Walikale mjini tarehe 19 Machi kabla ya kuondoka hapo mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Zoni ambayo miaka yote ilitazama Goma kwa dawa, mafuta na mishahara ikabaki inatafuta njia nyingine. Mpango wowote wa chanjo unaoandikwa kana kwamba wasichana wametulia mahali pamoja na barabara iko wazi umeshindwa kabla haujaanza.

Nianze na ugonjwa, kwa sababu mpango mzuri unatokana na kuelewa virusi vinavyofanya kazi. Zaidi ya asilimia 95 ya saratani za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, HPV, vinavyoambukizwa kwa kugusana kimwili, hasa katika tendo la ndoa. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takribani asilimia 70 ya saratani hizo. Watu wengi walio na maisha ya ndoa huvipata wakati fulani bila kujua, na mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache virusi hugoma kuondoka. Vikikaa, protini zake mbili zinazoitwa E6 na E7 huzizima protini za mwili ambazo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Seli iliyokosa breki huanza kubadilika polepole. Kutoka maambukizi hadi saratani hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI bila matibabu. Ndiyo maana mwanamke huanza kutokwa damu isiyo ya hedhi akiwa na miaka 40, watoto wake bado wadogo, na hakuna anayekumbuka kwamba jambo lilianza alipokuwa binti.

Duniani mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika na saratani hii na wapatao 350,000 walikufa. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwanamke wa Stockholm hupimwa, kidonda kikaonekana kikiwa kidogo, kikaondolewa asubuhi, jioni akarudi nyumbani kwake. Mwanamke wa Itebero hufika hospitali wakati harufu imeshawafukuza majirani. Huko ndani hakuna mashine ya mionzi ya kumtibu, na safari ya kwenda kuitafuta inamaliza mbuzi, shamba na akiba ya ukoo mzima.

Chanjo inakata mnyororo huo mwanzoni kabisa. Imetengenezwa kwa ganda la nje la virusi peke yake, ganda tupu lisilo na chembe za urithi ndani, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu wala kumletea saratani. Mwili ukiliona ganda hilo hutengeneza askari wanaovikamata virusi vya kweli siku vitakapokuja. Askari hao hawaondoi virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya seli. Umri una uzito kwa sababu hiyo: chanjo inayotolewa kabla binti hajakutana na virusi inamkinga vizuri zaidi, na mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hutengeneza kinga kali kuliko wa mtu mzima. Wenye shaka watazame Sweden na Uingereza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wasichana wa Sweden waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na upungufu wa saratani hii wa asilimia 88. Mwaka uliofuata Uingereza ikatoa hesabu yake: upungufu wa asilimia 87 kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Hizi ni saratani zenyewe zilizohesabiwa hospitalini, nchi nzima.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoifungulia Itebero mlango. Chanjo hii ilipoanza ilitolewa kwa dozi tatu, baadaye mbili zilizoachana miezi sita. Kwa Walikale, kumwambia mama amlete binti leo na amrudishe baada ya miezi sita ni kumwomba ahadi asiyoweza kuitimiza. Hajui kama mwezi ujao atakuwa nyumbani kwake, kwa shemeji yake ng'ambo ya mto, au msituni. Tafiti mbili zilizofanywa kwenye ardhi ya Kiswahili zikabadilisha hesabu. Ule wa Kenya, uitwao KEN SHE, ulifanyika Kisumu, Nairobi na Thika kwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na ulionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Ule wa Mwanza, DoRIS, uliwafuatilia mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14 na kukuta kinga ya dozi moja inadumu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali rasmi ratiba ya dozi moja kwa wasichana wenye afya, na Tanzania ikahamia huko Aprili 2024. Yeyote atakayependekeza dozi mbili kwa wasichana wote wa Walikale atueleze kwanza dozi ya pili ataipeleka wapi.

Kuna kundi moja ambalo dozi moja haiwatoshi: wasichana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hao wanahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Nasisitiza wapewe kimya kimya kwenye kliniki yao ya dawa, na muuguzi anayewajua, wala wasiitwe mbele ya darasa kurudia sindano wakati wenzao wamemaliza. Siri ya mtoto ikivuja siku ya chanjo, mama hatakanyaga tena kituoni.

Nirudi kwenye uratibu wenyewe. Mfumo wetu wa chanjo umejengwa kumzunguka mtoto mchanga. Anazaliwa, anapewa kadi, mama anampeleka kwenye mizani kila mwezi, muuguzi anafungua daftari na kuona jina. Baada ya surua mtoto huyo anatoweka kwenye vitabu vyetu, na hatumwoni tena hadi atakapokuja na mimba yake ya kwanza. Msichana wa miaka 10 hayumo katika daftari lolote la kituo cha afya. Ofisi ya zoni ikitaka kujua wangapi wapo, huchukua idadi ya watu, idadi ambayo imekadiriwa juu ya makadirio mengine kwani Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984, halafu inakokotoa asilimia. Kwenye zoni ambayo kijiji kizima kinaweza kuhama kwa usiku mmoja na machimbo kuvimba kwa wiki mbili, namba hiyo haina miguu. Utasikia eneo moja limechanja asilimia 140 na jirani yake asilimia 35, na wote wawili wamefanya kazi ileile kwa bidii ileile.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni shule, na shule ni njia nzuri. Rwanda ilifika zaidi ya asilimia 93 ya wasichana wa darasa la sita mwaka wake wa kwanza kwa kuchanja shuleni, huku wahudumu wa afya wa vijiji wakiwafuata nyumbani waliokosa. Wengi huinakili nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuisahau ya pili. Na Rwanda ilikuwa na watoto wengi mno darasani. Kwetu elimu ya msingi imekuwa bure tangu Septemba 2019, na hilo limejaza madarasa ya chini. Baada ya darasa la sita karo hurudi, na hapo ndipo mabinti wanapoanguka. Mmoja huenda kuuza fufu na pombe machimboni, mwingine kulea watoto wa dada yake, mwingine anaolewa. Ukiipanga chanjo kwa umri wa miaka 13 au 14 na kuitolea sekondari, utawachanja walio salama zaidi na kuwaacha walio hatarini zaidi. Hoja yangu ya umri wa miaka 9 au 10 inatoka hapo. Katika madarasa ya nne na ya tano binti bado yuko mikononi mwa mwalimu, na serikali bado inamlipia.

Kuna sababu nyingine, na naisema kwa uchungu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya Luvungi na jirani zake huku Walikale, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Ukatili huo haukuishia mwaka ule. Katika nchi ambayo binti anaweza kukutana na virusi bila hiari yake, njiani kwenda shambani, kila mwaka tunaomwongezea kungoja ni mwaka wa hatari. Wanaosema mtoto wa miaka 9 ni mdogo mno kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa ndoa wanazungumzia maisha ambayo wasichana wetu hawakupewa.

Umri nao una tatizo lake: wengi hawana hati ya kuzaliwa, na ndani ya darasa la nne utamkuta wa miaka 9 ameketi na wa miaka 13. Mimi nashauri tusigombane na tarehe. Msichana aliye darasa la nne au la tano achanjwe, ilimradi ametimiza 9. Aliye nje ya shule aulizwe mama yake alizaliwa kabla au baada ya tukio gani la kijiji, na akionekana kuwa kati ya 9 na 14 achanjwe. Mwaka wa kwanza tuwachukue wote wa 9 hadi 14 kwa pamoja, ili wakubwa wasipitwe, halafu kila mwaka kundi jipya la 9 peke yake. Kumchanja binti wa miaka 15 kwa makosa hakumdhuru hata kidogo. Kumfukuza wa miaka 11 kwa kuwa hana cheti ni kumnyima kinga ya maisha.

Orodha iandikwe na nani? Hapa ndipo ninapotofautiana na mashirika mengi yanayotujia na timu kutoka mbali, tableti mkononi, siku nne kabla ya kampeni. Orodha iandikwe na relais wa jamii, wale wajitolea wanaoijua kila nyumba, chini ya muuguzi titulaire, yaani mkuu wa kituo cha eneo lao, wakishirikiana na kamati ya afya ya kijiji. Daftari la kawaida la mistari linatosha: jina la binti, jina la mama, kijiji anacholala sasa, kijiji alichotoka, yuko shuleni au hayuko, alama ya chanjo. Safu ya "kijiji alichotoka" ndiyo safu ya wakimbizi wa ndani. Familia ikihama kutoka Masisi na kuingia upande wa Itebero, relais wa huku anamuongeza binti na titulaire anatuma habari upande ule. Mwalimu mkuu anatoa majina ya darasa, padri na mchungaji wanasoma tangazo Jumapili, na orodha zote zinaishia kwenye daftari moja. Shule nyingi za Kongo ziko chini ya usimamizi wa makanisa, Katoliki na Kiprotestanti, kwa hiyo kumleta mratibu wa shule za kanisa mezani tangu siku ya kwanza si heshima tu. Bila yeye mlango wa darasa haufunguki.

Meza hiyo iwe na mwenyekiti mmoja, daktari mkuu wa zoni. Nimeona mikutano ambayo afya ina mratibu wake, elimu ina wake, shirika lina wake, na kila mmoja ana ratiba tofauti ya wiki ileile. Muuguzi wa kijijini anapokea simu tatu zinazopingana, anasubiri, na anaposubiri barafu inayeyuka. Shirika lenye pikipiki na mafuta lilete pikipiki na mafuta, na ratiba ipangwe na zoni. Vilevile mstari wa mbele wa vita usigeuke mpaka wa chanjo. Chanjo zinaweza kulazimika kupita upande huu au ule kutegemea nani anashikilia barabara, na ruhusa ya kupita iombwe na watu wa afya kwa jina la wasichana, mapema, kwa maandishi, kwa pande zote zenye silaha. Walikale na Masisi kuna mabaraza ya wazee na machifu wanaojua kuzungumza na wenye bunduki kuliko mgeni yeyote.

Kuhusu baridi, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Chanjo ya Ebola iliyotumika Kivu Kaskazini mwaka 2018 hadi 2020 ilihifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na bado watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Hii ya HPV inataka nyuzi 2 hadi 8 juu ya sifuri, kama chanjo za watoto, na friji ya jua ya kituo inaitosha. Adui wake ni kuganda. Ina chumvi ya alumini inayoikamata chanjo, na ikiganda mara moja inaharibika bila kuonyesha dalili kwa mpita njia. Muuguzi mzuri nimemwona akitoa vifuko vya barafu kwenye friza, akavipanga juu ya meza, akangoja. Kila baada ya muda anachukua kimoja, anakitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yanacheza ndani ndipo anakiweka kwenye boksi la chanjo na kulifunga nyuma ya pikipiki. Asiyejua hupakia barafu ngumu kama jiwe, akidhani anaongeza usalama, na kufika kijijini ameua chanjo zote. Fundisho hilo la dakika chache ligharamiwe kabla ya fulana na mabango.

Nije kwenye maneno yanayosemwa. Kubwa kuliko yote ni kwamba chanjo inafunga kizazi. Chanjo haigusi hedhi, haifiki kwenye mayai, na mamilioni ya wasichana waliochanjwa tangu mwaka 2006 katika nchi zaidi ya mia wamezaa. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, pale daktari anapolazimika kukata mfuko wa uzazi ili mama asife. Neno la pili ni kwamba sindano hii itawafundisha mabinti uasherati. Tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hazikuona tofauti ya mwenendo. Tumewachanja watoto pepopunda miaka yote, na hakuna mtoto aliyekwenda kukanyaga misumari kwa sababu hiyo. La tatu ni kwamba aliyechanjwa hahitaji tena kupimwa, na hilo si kweli, kwani chanjo haizuii kila aina ya virusi. La nne wanauliza kwa nini wavulana wanaachwa. Dozi za dunia zimekuwa chache kwa miaka mingi, na kuchanja wasichana wengi kunapunguza virusi kwa wavulana pia. Swali lao ni halali, na siku dozi zitakapotosha litajibiwa.

Neno ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: "Mbona mnakuja na sindano tu, mlikuwa wapi tulipokufa?" Wakati wa Ebola, Beni na Butembo, swali hilo halikujibiwa vizuri. Mlipuko ule ulitangazwa Agosti 2018, ukawapata watu 3,470, ukaua 2,287, na katikati yake tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Cameroon aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo. Watu walikuwa wamezoea kuchinjwa bila dunia kugeuza kichwa, kisha ghafla magari yakajaa barabarani kwa ugonjwa mmoja. Wakaanza kuona biashara. Mwaka 2021 tulirudia kosa kwa upande mwingine. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya COVID, uzinduzi ukasogezwa huku uvumi ukikimbia mbele, na dozi milioni 1.3 zikarudishwa zikatumike nchi nyingine kabla hazijaharibika. Pale ambapo mamlaka inanyamaza, simu za mkononi zinazungumza.

Jibu la swali hilo ni kuwapa mama zao kitu siku ileile. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuutazama mlango wa kizazi baada ya kuupaka siki, akaona palipogeuka peupe, na kwa kifaa kidogo cha joto akapachoma kabla hapajawa saratani. Mwanamke hulala kwake usiku huo. Hata kama zoni itaanzia hospitali kuu peke yake na vituo viwili vya barabarani, binti apewe chanjo na mama apewe tarehe ya kupimwa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la mwaka 2030 kwa namba tatu: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo watibiwe. Tukichukua namba ya kwanza tu, kizazi cha mama zao tumekiacha.

Hatari moja zaidi haipewi uzito unaostahili: kuzirai. Vijana wa umri huu huzirai wakichomwa sindano yoyote, hasa wakiwa na njaa na wamesimama foleni juani. Mmoja akianguka, wenzake wanaweza kuanguka kwa hofu, na jioni redio za kijiji zinasema chanjo imeua. Mwaka 2014 katika mji wa El Carmen de Bolívar, Colombia, mamia ya wasichana walianguka kwa namna hiyo. Hakuna sumu iliyopatikana, lakini uchanjaji nchini humo, uliokuwa juu ya asilimia 90, ulishuka hadi asilimia 14 kwa dozi ya kwanza ndani ya miaka miwili. Japani nayo iliacha kuihimiza chanjo Juni 2013 na ikarudi Aprili 2022, na miaka tisa ya mabinti ikapita bila kinga. Kuzuia kuzirai ni rahisi: wasichana wale kitu kwanza, wachanjwe wakiwa wameketi, mahali penye kivuli na pazia, kisha wakae dakika 15 kabla ya kutoka. Mzazi aelezwe mapema kwamba mkono utauma na huenda homa kidogo ikaja. Na jina la mtu mmoja lijulikane, daktari mkuu au msaidizi wake, atakayefika palipotokea tatizo siku hiyohiyo na kuzungumza redioni kwa lugha ya watu.

Kuhusu tarehe, naiomba zoni na wakuu wa shule wachague wiki moja kila mwaka, ileile, mapema baada ya shule kufunguliwa Septemba, kabla ya mitihani na kabla madarasa hayajapungua. Wiki hiyo iwe na dawa za minyoo kwa watoto wote, wavulana wakiwemo, ili chanjo isionekane kitu cha ajabu kinachowatafuta wasichana peke yao. Wiki inayofuata timu ziende machimboni, sokoni siku ya soko, na kwenye kambi za waliohama, kwa saa za jioni wakati watu wamerudi. Posho ya relais ilipwe kabla ya wiki hiyo kwisha. Mjitolea anayedai malipo ya kampeni ya mwaka jana hatakwenda kilomita 20 msituni kumtafuta binti mmoja aliyekosa, na huyo mmoja ndiye tunayemhitaji.

Wafadhili watauliza gharama. Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, iliwahi kutangaza mwaka 2013 bei ya dola 4.50 kwa dozi, na sasa kuna watengenezaji zaidi, Wachina wakiwemo, na dozi inayohitajika ni moja badala ya tatu. Dozi zenyewe si mzigo unaotushinda. Kinachokosa mfadhili ni daftari, mafuta ya pikipiki, posho na friji ya jua, vitu ambavyo havipigwi picha wakati wa uzinduzi. Wenye fedha wakiniuliza waanzie wapi, nitawaambia waanzie hapo.

Kwa daktari mkuu wa Itebero na wenzake wa Walikale, Kibua, Pinga, Masisi, Mweso, Katoyi na Kirotshe: msisubiri boksi lifike ndipo muanze kuhesabu. Waiteni titulaire na relais mwezi huu, wapeni madaftari, waandike mabinti wa miaka 9 hadi 14 wa kila kijiji na kila kambi, na orodha hiyo iwekwe nakala mbili, moja kituoni na nyingine kwa chifu. Na kwa mzazi anayesoma safu hii: relais akipita kwako akiuliza jina la binti yako, mpe.